MAZUNGUMZO BAADA YA HABARI: Bunduki Mlangoni pa Mahakama



Tarehe 21 Septemba, 1972, watu wenye silaha waliingia katika Mahakama Kuu ya Uganda mjini Kampala, wakamkamata Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, wakaondoka naye. Hakurudi. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameamuru aachiwe Mwingereza mmoja aliyezuiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria. Ikiwa Jaji Mkuu mwenyewe hakusalimika, mkulima wa Masaka angepeleka wapi shauri lake?

Utawala wa Idi Amin ulianguka mwaka 1979, lakini mazoea hayo hayakuzikwa pamoja nao. Tarehe 16 Novemba, 2005, mahakama hiyo hiyo ilitoa dhamana kwa washitakiwa wa kesi ya uhaini. Watu wenye bunduki, waliovaa fulana nyeusi, wakaizingira mahakama, na washitakiwa wakarudishwa gerezani. Tarehe 1 Machi, 2007, jambo hilo likatendeka tena. Safari hii majaji waligoma. Novemba mwaka huo, Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha iliamua kwamba kitendo hicho kilivunja misingi ya utawala wa sheria.

Jaji hana kikosi. Ana kalamu na karatasi, na karatasi hiyo hupata nguvu pale tu askari anapoitii. Askari akiikanyaga, wananchi huacha kwenda mahakamani. Hutafuta mzee wa kuhonga, au hushika panga. Naye askari huyo, tusisahau, atastaafu. Atarudi kijijini akute shamba lake limemegwa, au atakufa na mjane wake anyang'anywe nyumba na mashemeji. Siku hiyo hapatakuwa na bunduki ya kuwatetea, ila hukumu ya hakimu.

Mwaka 2025 mvutano huo ulijitokeza kwa sura nyingine. Tarehe 31 Januari, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kuwashitaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba, ikaagiza kesi zao zihamishiwe mahakama za kiraia. Mwezi Mei Bunge likapitisha sheria ya kurudisha mamlaka hayo kwa makosa kadhaa, na Juni Rais Yoweri Museveni akaitia sahihi.