Si Sumu ya Jirani

Katika nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe mlinzi wa usiku ni mbwa, ilhali mlinzi huyo, angali mtoto wa miezi miwili mitatu, huweza kuonekana jioni moja amejikunyata chini ya mwembe, hagusi makombo ya ugali, anatapika povu la manjano, na kabla ya kupambazuka anahara damu yenye uvundo ambao aliyewahi kuunusa hausahau. Mwenyewe husema, "Kalishwa sumu," akatazama ua wa jirani. Majirani waovu wapo, sikatai. Lakini watoto wanne wa tumbo moja wakifuatana kufa kwa namna hiyo, yafaa jirani aachwe, ikashukiwe parvo, maradhi ya mbwa yaletwayo na kirusi.

Kirusi hiki kilitambuliwa mwaka 1978, nasaba yake ikikaribiana mno na ya kirusi cha paka, na kwa takriban miaka miwili kilikuwa kimekwisha kuuzunguka ulimwengu. Vinasaba vyake ni uzi mmoja wa herufi zipatazo 5,000, nao haukutulia: badiliko la mahali pamoja katika gamba lake, nafasi ya 426, ndilo wataalamu walitumialo kupambanua aina za 2a, 2b na 2c, hii ya mwisho ikiwa imetambuliwa Italia mwaka 2000. Ile ya awali haikumwambukiza paka. Hizi zilizoifuata zaweza, hata yule alalaye jikoni penu.

Kwa macho hazipambanuliki, damu ni ile ile, na maabara pekee ndiyo isomayo herufi. Kibaha ipo taasisi ya serikali itengenezayo chanjo za mifugo, lakini hima yake ni ng'ombe, mbuzi na kuku, wala siilaumu, kwani kuku ana soko. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo wengi huidhani yatosha, haizuii parvo. Ya parvo yenyewe, inayokinga aina zote tatu, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka mtoto atimize wiki 16, kwa sababu kinga aliyoinyonya kwa mamaye huibatilisha chanjo ya mapema.

Na kirusi hukaa udongoni miezi kadhaa; sabuni hakiijali, jiki ndiyo hukiua. Mwenye nyumba humzika marehemu nyuma ya choo, hufagia uwanja, na mwezi ujao huleta mtoto mwingine, akamfunga chini ya mwembe ule ule.