Deni la Kazini na Mshahara Wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)

Leo hatusemi juu ya nyongeza. Twataka kusema juu ya mshahara ule ule tulio nao, ambao wengi wetu huula kabla haujafika.

Sisi watu wa reli twajua shida zinavyoingia: karo ya shule, mgonjwa, matanga nyumbani. Twakwenda ofisini, twatia sahihi, twapewa fedha, twashukuru. Lakini wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye duka akikudai hukufuata mlangoni. Mwajiri hana haja ya kukufuata, kwani mshahara wako u mkononi mwake. Yeye hukata kwanza, wewe huhesabu baadaye.

Sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yataka mkopo wa mwajiri ulipwe kwa mapatano yaliyoandikwa. Makato ya mkopo huo yasizidi nusu ya fedha zinazobaki baada ya makato mengine. Tena makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara.

Tuhesabu pamoja. Mshahara ni Sh. 30,000, na makato mengine ni Sh. 9,000. Zabaki Sh. 21,000. Kwa mkopo, mwajiri asikate zaidi ya Sh. 10,500. Nawe uende nyumbani na Sh. 10,500. Zikipungua hapo, mletee katibu karatasi yako ya mshahara. Karatasi hiyo ni haki yako kwa kifungu cha 20, wala si zawadi.

Ndugu, hatari nyingine haiandikwi katika karatasi. Mwenye deni kubwa huogopa. Akipewa kazi ya ziada bila malipo, hunyamaza. Mkutano ukiitwa, haonekani. Akitaka kuacha kazi, hukumbuka kwamba deni litamngojea kwenye malipo yake ya mwisho. Hivyo deni la mtu mmoja hudhoofisha chama kizima.

Basi kabla ya kutia sahihi tuulize mambo matatu: nitakatwa kiasi gani kila mwezi? Mpaka mwezi gani? Nikiacha kazi itakuwaje? Tusitie sahihi karatasi tupu, na kila mtu aweke nakala yake. Asiyeelewa maandishi asione haya, amwite mwenzake amsomee.

Kukopa si aibu. Lakini tukope tukiwa tumefumbua macho.

Umoja ni nguvu.