Jina la Mchongaji Ukutani: Uzoefu wa Kuandaa Maonyesho ya Sanaa Lweba



Hapa Lweba, kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo, hatuna jumba la sanaa. Tunaonyesha kazi zetu darasani shule zikifungwa, ukumbini kanisani, au chini ya turubai karibu na soko. Nimesaidia kuandaa maonyesho ya namna hiyo, na mengine mjini penye kuta nyeupe na taa za umeme, nikishika nyundo, uzi na pima maji, kabla ya kukabidhiwa maonyesho niyaandae mwenyewe. Katika kazi hiyo yote, kinachopewa muda mdogo kuliko vyote ni kikaratasi kinachobandikwa kando ya kazi. Huandikwa usiku wa mwisho, kwa haraka. Nami naamini hicho ndicho kinachoamua kazi ni ya nani.

Tazameni yaliyopata kazi za wazee wetu. Kinyago cha alunga cha Wabembe kina nyuso mbili, mbele na nyuma, na macho makubwa ndani ya mabonde yaliyopakwa rangi nyeupe. Juu huchomekwa manyoya na miiba ya nungu. Anayekivaa hufunikwa kwa nyuzi. Leo vinyago hivyo vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, mara nyingi vikiwa mti mtupu juu ya kigingi cha chuma. Kikaratasi husema: Wabembe, Kongo, mti, rangi. Aliyechonga alikuwa na jina, na watu wa kijiji chake walilijua. Tena alunga ni chama chenye siri zake. Si kila jicho liliruhusiwa kukaribia. Ni nani aliyeulizwa kabla kinyago hakijawekwa ndani ya kioo?

Swali hilo wenzetu wa Lusanga, magharibi ya nchi, wamelisimamia. Mwaka 1931, wakati wa uasi wa Wapende dhidi ya utawala wa Kibelgiji, afisa wa Kibelgiji Maximilien Balot aliuawa, na sanamu yake ikachongwa ili kuidhibiti roho yake. Sanamu hiyo sasa ni mali ya jumba la makumbusho la Richmond, Virginia. Wasanii wa CATPC, kikundi cha Lusanga cha watu waliotoka katika kazi ya mashamba, waliidai kwa miaka, na mwaka 2024 ikaletwa Lusanga kwa mkopo, wakati kazi zao wenyewe zikionyeshwa Venice. Mkopo si kurudishiwa. Hata hivyo, safari hiyo waliokuwa wakieleza sanamu ni ya nani walikuwa Lusanga.

Nirudi kwetu. Majumba mengi ya sanaa huweka katikati ya picha kwenye kimo cha sentimita 145 hadi 150. Darasani mimi hushusha, kwa sababu watazamaji wetu wengi ni watoto, na wazee wanakaa kwenye madawati. Unyevu wa ziwa hukunja karatasi, kwa hiyo nyuma ya fremu nabandika vipande vya vizibo vya chupa, hewa ipite kati ya picha na ukuta. Haya hujifunzwa upesi.

Kilichonifundisha zaidi ni vyungu vya bibi mmoja mfinyanzi. Nilipomwuliza jina ili niliandike, alinitajia lake, kisha la mama yake aliyemfundisha, kisha mahali wanapochimba udongo, na akataka yote matatu yaandikwe. Tuliyaandika kwa Kibembe, Kiswahili na Kifaransa, herufi kubwa, kwa kalamu ya wino mzito. Siku ya kufungua, wajukuu waliwasomea bibi zao kwa sauti, na mama mmoja akasema, “Huyo mama yake namjua, alitupikia kwenye msiba wa baba.” Watu wakaanza kusimuliana habari za mfinyanzi yule mbele ya vyungu vyake. Sijaona hilo katika ukumbi wowote wa mjini.

Basi napendekeza daftari. Kazi yoyote kabla ya kutoka Lweba, iende Baraka, Uvira au ng’ambo, iandikwe: aliyeitengeneza, aliyemfundisha, mti au udongo ulikotoka, mzee aliyeruhusu ionyeshwe, bei iliyokubaliwa, na tarehe ya kurudi kama ni mkopo. Ipigwe picha mbele na nyuma. Nakala moja ibaki nyumbani kwa fundi mwenyewe, si kwa mratibu. Naomba kabla hatujatawanyika leo tuwachague watu watatu wa kulishika, na mmoja wao awe mfinyanzi.