Haji na Uzito wa Begi Lake

Alhamdulillahi Rabbil-aalamiin. Swala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba wake. Amma baad.

Ndugu zangu wenye nia ya kuhiji, tumezoea kufundishana nguzo, wajibu na sunna za Hija. Leo nitazungumzia begi utakalolibeba mgongoni kuanzia tarehe 8 Dhulhija, siku ya kwenda Mina. Wako watakaoliona jambo hili dogo. Nami nililiona dogo nilipohiji mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi. Nilipakia vitabu vitano vya manasiki, blanketi zito na makopo ya samaki. Kutoka Arafat kwenda Muzdalifa ni kiasi cha kilomita 9. Basi letu halikusogea, tukashuka. Haukupita muda, mzee mmoja tuliyefuatana naye, wa umri wa baba yangu, akanipokea mfuko wa vitabu kwa kunihurumia. Mimi ndiye niliyepaswa kumshika mkono yeye! Na vitabu vile sikufungua hata kimoja usiku ule.

Imamu Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alihiji juu ya mnyama mmoja, aliyembeba yeye pamoja na mizigo yake. Lakini asije mtu akafahamu kwamba basi twende mikono mitupu. Katika Bukhari vilevile, Ibn Abbas (r.a.) ameeleza kuwa watu wa Yemen walikuwa wakija Hija bila masurufu, wakidai wanamtegemea Mwenyezi Mungu, na wakifika Makka huombaomba, ndipo ikateremka amri ya kuchukua masurufu, iliyomo katika Suratul-Baqara, aya ya 197. Basi abebaye kupita kiasi huwaelemea wenzake, na asiyebeba kitu huwaelemea pia.

Maji usiyapunguze. Lita 1 ni kilo 1, na hakuna kilo yenye thamani kuliko hiyo. Katika Hija ya mwaka 2024 walifariki watu zaidi ya 1,300 wakati wa joto kali, na serikali ya Saudi Arabia ilieleza kuwa wengi wao walitembea masafa marefu juani bila kivuli. Chukua chupa, uijaze kila upatapo bomba, na mwavuli mwepesi. Dawa za sukari au presha zisibaki kwenye sanduku hotelini Makka.

Vingine vipunguze bila huruma. Anza na begi lenyewe: lipime tupu kwenye mizani ya dukani, kwani yako yenye uzito wa kilo kadhaa kabla hujatia kitu. Mwanamume zamtosha ihramu moja ya akiba na kanzu ya kuvaa baada ya kunyoa. Mwanamke, nguo moja ya kubadili. Jamvi jembamba la kulalia Muzdalifa, si blanketi. Tende, si makopo. Sabuni isiyo na manukato, kipande tu. Visheti vya mama viliwe Makka.

Na vijiwe je? Wapo waokotao 70 usiku wa Muzdalifa, wakaviosha na kuvifunga. Uzito wake si kitu. Ninachokikataa ni kuviosha, jambo lisilo na asili. Tarehe 10 unahitaji 7 tu, na Mina vimejaa.

Kuanzia Jumapili ijayo, baada ya Alfajiri, tutatembea pamoja saa moja. Kila mmoja aje na begi lake, limefungwa kama atakavyolibeba, na maji ndani.

Wabillahi tawfiq.