Kusafisha Mteja Anapoingia: Skripti Fupi kwa Kompyuta za Umma Katikati ya Durban

Tangu Aprili 2021, Idara ya Mambo ya Ndani ya Afrika Kusini ilipoanza kuongeza muda wa vibali vya waomba hifadhi na wakimbizi kwa njia ya mtandao, kompyuta ya kulipia kwa dakika imekuwa sehemu ya maisha ya kisheria ya wageni wengi wa Durban. Mkongomani au Mrundi anayekaa Albert Park au upande wa Point, asiye na kompyuta nyumbani, huingia duka la intaneti, hufungua barua pepe, huambatisha kibali chake cha mwomba hifadhi (cha kifungu cha 22 cha Sheria ya Wakimbizi), hupakua kilichorudi, huchapisha, hulipa na kwenda zake. Nakala ya kibali, yenye jina, picha na tarehe ya kuzaliwa, hubaki kwenye folda ya Downloads, na pengine barua pepe yenyewe hubaki wazi. Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni skripti ya mistari michache ya kufunga skrini, kumtoa mtumiaji au kuizima mashine muda wake ukiisha. Hoja yangu ni kwamba skripti hiyo imewekwa upande usiofaa. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi, usafi ufanyike mtu anapoingia, kwa sababu namna atakavyotoka hakuna anayeweza kuidhamini.

Tuanze na amri zenyewe, maana huchanganywa sana. Katika Windows, rundll32.exe user32.dll,LockWorkStation hufunga skrini tu: programu zote zinaendelea nyuma yake na kila faili iko pale pale. Inamfaa karani mwenye mashine yake anayekwenda kunywa chai. Dukani haina maana, kwa kuwa mteja anayefuata lazima apewe nywila ile ile. Amri ya shutdown /l humtoa mtumiaji papo hapo, wala haikubali kuwekewa muda wa kusubiri. Lakini duka lenye akaunti moja ya Windows kwa wateja wote halifaidiki nayo kama linavyodhani, kwani kutoka kwenye Windows si kutoka kwenye barua pepe. Vidakuzi vya kivinjari viko kwenye diski, na anayeingia kwa akaunti ile ile anavikuta. WhatsApp iliyounganishwa ili kuchapisha cheti cha mtoto nayo husubiri humo humo. Hata shutdown /s, inayozima mashine nzima, haifuti hata faili moja ya mteja.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwenye umeme. Mwaka 2023 shirika la umeme la Eskom lilikata umeme kwa mgao zaidi ya siku 300, na hata mgao ulipositishwa kuanzia mwishoni mwa Machi 2024, umeme wa mjini haujaacha kukatika kwa hitilafu na wizi wa nyaya. Umeme ukikatika duka lisilo na betri ya akiba, hakuna amri ya kutoka inayopata nafasi ya kufanya kazi. Ubaya hauishii hapo. Ukirudi, kivinjari hutambua kwamba kilifungwa ghafla na kwa ukarimu wake humwuliza aliyeketi kama angependa kurudishiwa kurasa zilizokuwa wazi. Akikubali, mara nyingi hukuta sanduku la barua la mtu aliyekuwa kwenye kiti hicho saa mbili kabla. Skripti ya kutoka, iliyoandikwa kwa uangalifu wote, imeshindwa siku ile ile ilipohitajika.

Ndiyo maana napendekeza skripti inayoendeshwa na Kipanga Kazi cha Windows kila mtu anapoingia. Ifute yaliyomo kwenye Downloads na kwenye eneokazi, iondoe folda ya kumbukumbu za kivinjari kabla hakijafunguliwa, kisha ifungue Chrome kwa chrome.exe --guest, hali ya mgeni isiyohifadhi historia wala nywila. Hapo shutdown /l inapata kazi inayoiweza: mwenye duka humtoa mteja mmoja, na kuingia kwa wa pili ndiko kunakosafisha. Umeme ukikatika, kuwaka upya kunafanya vilevile. Folda zinazofutwa zitajwe kwa njia kamili na kujaribiwa kwanza kwenye mashine isiyo na kitu, kwa sababu kosa la herufi moja katika amri ya kufuta halina msamaha. Nywila ya msimamizi isiandikwe kamwe ndani ya skripti. Faili hiyo ni maandishi matupu, na kila mteja anaweza kuisoma.

Yupo atakayesema wateja watapoteza kazi zao. Ni kweli, na hatari hiyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Anayeandika shutdown /s /t 60 huamini amempa mteja dakika moja ya hisani, kumbe muda wowote unaozidi sifuri hubeba ndani yake /f, yaani programu zitafungwa kwa nguvu bila kuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi. Shutdown /a huusimamisha mchakato huo kabla muda haujaisha, lakini mteja aliyeshughulika na fomu haijui. Kwa hiyo kuzima kuachwe kwa usiku, na mchana onyo litolewe kwa mdomo. Mwingine atasema faili iliyofutwa huweza kufufuliwa. Huweza, kwa programu maalumu na muda. Tunayemzuia hapa ni mtu wa kawaida anayeketi baada ya mteja. Wa tatu atakumbusha shambulio la kimtandao la Julai 2021 dhidi ya Transnet, shirika la bandari na reli, lililosimamisha kazi za makontena katika bandari ya Durban, na kuuliza mistari hii ingelizuiaje. Isingelizuia, na asiiuze mtu kwa ahadi hiyo.

Zipo pia programu kamili. Deep Freeze hurudisha diski katika hali yake ya awali kila mashine inapowashwa upya, yaani nayo husafisha mlangoni pa kuingilia, ila inalipiwa. Microsoft ilikuwa na SteadyState ya bure kwa kazi hiyo hiyo, ikaiondoa mwishoni mwa 2010. Mwenye uwezo wa kununua anunue. Asiye nao hana kisingizio, kwa sababu kifungu cha 19 cha sheria ya taarifa binafsi, POPIA, kinadai hatua zinazofaa na zinazowezekana, na faini yake hufika randi milioni 10. Ni vigumu kudai kwamba mistari sita ya Notepad haikuwezekana.

Pale wateja wanapotuma vibali vyao kwenye namba ya WhatsApp au barua pepe ya duka ili vichapishwe, nakala hukaa kwenye akaunti ya mwenye duka, na skripti ya mashine ya mteja haiifikii. Hiyo inafutwa kwa mkono, kila jioni, na mwenye duka mwenyewe.