Ukurasa Mmoja, Mahakama Ngapi? Alama za Biashara na Mamlaka ya Mahakama Mtandaoni



Haki ya alama ya biashara huishia mpakani. Jina lililosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) linalindwa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na daftari lake, na mfanyabiashara wa Kariakoo aliyesajili upande mmoja hana la kudai upande wa pili mpaka asajili na huko. Kenya imo katika Itifaki ya Madrid ya usajili wa kimataifa wa alama tangu 1998 na Rwanda tangu 2013, hivyo ombi moja la kimataifa linaweza kuzitaja zote mbili, lakini kila moja huamua kwa sheria yake kukubali au kukataa. Utaratibu huu uliwekwa wakati bidhaa zote zikipita forodhani. Tovuti haipiti forodhani. Inafunguliwa Dar es Salaam leo, leo hii inasomwa Chicago, na kule huenda yupo mwenye jina kama lako. Je, kuonekana tu kwa ukurasa katika nchi kunatosha kusema umelitumia jina hilo katika nchi hiyo?

Shauri la kuanzia ni la majarida mawili. Mwaka 1967 kampuni ya Tattilo ya Italia ilianza kuchapisha jarida la Playmen. Wenye jarida la Playboy la Marekani wakapinga. Mwaka 1981 mahakama ya New York ikalipiga marufuku jina hilo Marekani, ilhali mahakama za Italia ziliruhusu liendelee kutumika kwao. Kila upande ukabaki na nchi yake hadi 1996, Tattilo ilipofungua tovuti kwenye kompyuta iliyokuwa Italia. Jaji Shira Scheindlin alichunguza jinsi mteja alivyojiunga: Mmarekani alituma fomu Italia kwa faksi, akarudishiwa nywila kwa barua pepe. Kwake hiyo ilikuwa biashara na Wamarekani, na ilivunja amri ya 1981. Hata hivyo alikataa kuizuia kampuni ya Italia kuwa na tovuti kwa sababu tu Wamarekani wangeweza kuifikia. Akaipa hiari: ifunge tovuti, au isipokee wateja wanaoishi Marekani.

Naliona hilo kuwa jibu la haki, na London walifika karibu na hapo miaka minne baadaye. Duka moja la Dublin liliitwa Crate & Barrel, jina ambalo kampuni ya Chicago ilikuwa imelisajili Uingereza. Jaji Jacob alisema aliyeko Uingereza akiufungua ukurasa wa duka lile ni kama anachungulia dukani Dublin kwa darubini. Yeye ndiye aliyelifuata duka.

Sasa tazameni shauri la Amazon, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza tarehe 6 Machi 2024. Alama ya Beverly Hills Polo Club ina mmiliki mmoja Marekani na mwingine Uingereza. Nguo zilizouzwa kwenye tovuti ya Amazon ya Marekani zilikuwa halali huko. Jaji wa kwanza aliona tovuti ile ni ya Wamarekani, basi. Mahakama ya Rufani ikatengua, na Mahakama ya Juu ikafuata njia hiyo hiyo baada ya kupitia ukurasa kwa ukurasa kile alichokiona mteja aliyeko Uingereza: maneno kwamba mzigo unaweza kupelekwa Uingereza, kisha, wakati wa kulipa, nafasi ya kulipa kwa pauni. Aliyeandaa kurasa hizo alimlenga mteja wa Uingereza. Vitu vidogo vya namna hiyo ndivyo vinavyoamua kesi, na wanasheria wetu wajifunze kuvikusanya mapema, kwa picha za skrini zenye tarehe.

Mwaka 2001 nchi wanachama wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) zilipitisha pendekezo la pamoja lenye mwelekeo huo: jina likionekana mtandaoni lihesabiwe limetumika nchini pale tu linapoleta athari ya kibiashara nchini humo.

Kwenye kashfa, kanuni ni nyingine. Desemba 2002 Mahakama Kuu ya Australia iliruhusu Joseph Gutnick, mfanyabiashara wa Melbourne, kuishtaki kampuni ya Marekani ya Dow Jones huko Victoria kwa makala ya jarida la Barron's yaliyopandishwa kwenye kompyuta za New Jersey. Kwa majaji wale, chapisho hutokea pale linaposomwa na jina la mtu linapochafuka. Naelewa hoja yao, kwani heshima ya mtu iko pale anapoishi. Lakini kanuni hiyo ikihamishiwa kwenye alama za biashara, fundi wa mikoba wa Moshi atashtakika kila nchi yenye intaneti, na barua moja tu ya wakili wa ng'ambo itamfanya afunge ukurasa wake kabla hajasikilizwa.

Sheria yetu ya Alama za Biashara na Huduma ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1986, kabla hakujawa na tovuti hata moja duniani. Naomba semina hii ipendekeze kipimo cha mteja aliyelengwa kiandikwe waziwazi ndani yake. Na ninyi wafanyabiashara mlio hapa: kabla hamjaandika kwenye tovuti zenu kwamba mnatuma mizigo duniani kote, zitajeni kwa majina nchi mnazotuma kweli, kisha mkague madaftari ya usajili ya nchi hizo.