Kutoka Chuo cha Ualimu hadi Chuo Kikuu: Maneno ya Walimu kwa Wakazi wa Kambi

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu wa kambi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Kamati ilitutaka sisi walimu tuseme machache juu ya elimu. Kila mwaka katika sikukuu hii husemwa kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, watu hupiga makofi, kisha huenda kunywa soda. Mwaka huu tumeomba ruhusa tuache maneno ya jumla, tujibu swali moja ambalo linaletwa majumbani kwetu karibu kila jioni. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyesoma chuo kidogo akapata cheti au diploma, atafikaje chuo kikuu, na ile miaka aliyokwisha kusoma itahesabiwa au itatupwa?

Ndugu zetu, msidhani kwamba hili ni jambo la anasa la watu wachache wapendao vyeo. Sera ya Taifa ya Walimu ambayo serikali ya Uganda iliitoa mwaka 2019 inataka kila mwalimu, kuanzia wa chekechea hadi wa sekondari, awe na shahada. Sasa tutazame shule zetu hapa. Wamo walimu waliopita vyuo vya ualimu vya Uganda wakapata Gredi ya Tatu. Wamo wachache wenye diploma, yaani Gredi ya Tano. Wamo wengi waliotoka Kongo na D6 ya pedagogia, na wengine waliotoka Burundi na vyeti vyao. Baadhi ya hao huandikwa kuwa ni wasaidizi wa darasani, ingawa ndio wanaoshika chaki tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, na ndio wanaomwelewa mtoto anapolia kwa lugha ya kwao. Ikiwa watu hawa hawatapata njia ya kupanda, itafika siku ambapo shule itaambiwa haina walimu, na hali walimu wapo, wamekaa chini ya mti.

Tuanze na mtu ambaye wote mnamjua. Marehemu Mwalimu Julius Nyerere alisoma ualimu Makerere, hapa hapa Uganda, toka mwaka 1943 hadi 1945. Wakati ule Makerere haikuwa ikitoa shahada. Ilikuwa imeanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, ikakua polepole, na haikuwa chuo kikuu kishiriki cha London mpaka mwaka 1949. Kwa hiyo Nyerere alitoka na diploma ya ualimu, akafundisha Tabora, na ndipo mwaka 1949 alipokwenda Edinburgh, Uskoti, akapata shahada yake mwaka 1952. Alipofika huko alikaa darasani miaka mitatu kama kawaida, mtu mzima ambaye tayari alikuwa amefundisha. Tunamtaja kwa sababu wapo vijana wanaoona haya kuingia mwaka wa kwanza wakiwa na ndevu. Lakini pia tusimfanye Nyerere kisingizio cha kukubali kila tunaloambiwa. Siku hizi zipo ofisi na kanuni za kuhesabu yale mtu aliyosoma, na ni juu yetu kuzitumia.

Hapa sasa tunaomba usikivu, maana ndipo watu wengi wanapopotelea. Neno diploma si neno moja. Kongo, mtoto akimaliza miaka sita ya sekondari na kufaulu mtihani wa serikali, hupewa karatasi inayoitwa diploma ya serikali. Uganda, diploma ni karatasi ya chuo, unayoipata kwa kusoma kama miaka miwili baada ya sekondari. Mkongomani akifika dirishani Kampala akasema, nina diploma, nataka kuingia chuo kikuu kwa njia ya wenye diploma, karani ataandika hivyo, na baada ya miezi jibu litarudi kwamba hana sifa. Hakusema uongo hata kidogo. Alisema neno la kwao katika nchi ya watu. Angesema kwamba ana cheti cha kumaliza sekondari kilicho sawa na kile cha kidato cha sita, angepelekwa kwenye mlango mwingine, na pengine angeingia.

Balaa ni hilo hilo kwa neno licence. Katika utaratibu wa zamani wa Kongo, mtu alisoma miaka mitatu ya graduat, kisha miwili ya licence, jumla mitano. Tangu mageuzi yaliyoenezwa mwaka wa masomo 2021-2022, licence imekuwa ya miaka mitatu. Uganda, shahada nyingi za kwanza ni za miaka mitatu. Basi mwenzetu mwenye graduat ya zamani amekaa chuoni miaka mitatu sawa na Mganda mwenye shahada, lakini karatasi yake haiitwi shahada. Tusibishane juu ya jina. Tupeleke karatasi za alama za kila mwaka, zenye majina ya masomo na saa zake, ili wanaopima wapime masomo.

Na wanaopima ni nani? Hawako ofisi moja. Vyeti vya sekondari vya nchi za nje hulinganishwa na UNEB, Baraza la Mitihani la Uganda. Vyeti vya vyuo na vyuo vikuu hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lile linaloitwa NCHE, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Tumeona mtu akitoka hapa na nauli ya kukopa, akalala Kampala siku mbili kwa jamaa, akasimama foleni ya baraza la chuo akiwa na cheti cha sekondari, na akarudi mikono mitupu. Kabla ya kupanda basi, jiulizeni: karatasi hii ni ya shule au ni ya chuo? Kama mna zote mbili, basi zote mbili zitakwenda, kila moja kwa ofisi yake, maana chuo kikuu kitadai kuona ngazi zote. Wenye diploma za Uganda nao wasisahau cheti chao cha kidato cha nne. Huombwa hicho pia, hata kama mtu ana diploma nzuri namna gani. Na karatasi za Kifaransa zinatakiwa zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtu anayetambuliwa. Tafsiri ya mwanafunzi wenu wa darasa la saba haitapokelewa.

Wapo watakaosema, sisi tulikimbia usiku, vyeti viliungua, na hatuwezi kwenda ubalozini kuomba vingine kwa serikali ile ile tuliyoikimbia. Ni kweli. Lakini Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 25, unasema nchi iliyompokea mkimbizi imsaidie kupata hati ambazo kwa kawaida angezipata kwa serikali ya kwao. Na kifungu cha 22 kinasema kwamba katika elimu iliyo juu ya ile ya msingi, mkimbizi atendewe kwa wema kadiri iwezekanavyo, hasa katika kutambua vyeti vya nje na katika kupunguza ada. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 nayo imefuata njia hiyo. Sheria haitoi cheti kilichoungua majivuni, hilo tunalijua. Ila inampa mtu haki ya kuuliza na ya kujibiwa kwa maandishi.

Tunakaza neno hilo, kwa maandishi. Mtu akikubaliwa chuo kikuu, aulize mambo mawili kabla hajalipa shilingi: naingia mwaka wa ngapi, na masomo yangu yapi yamehesabiwa? Jibu la mdomo la koridoni halina nguvu mbele ya mhasibu. Aulize pia atalipa ada ya nani. Rwanda na Burundi zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, Sudan Kusini tangu 2016, na Kongo iliingia mwaka 2022. Hata hivyo si kila chuo kinachomhesabu mkimbizi kwa namna moja, na tofauti ya ada ya mwenyeji na ya mgeni inatosha kumrudisha mtu nyumbani katikati ya muhula.

Kwa vijana ambao bado hawajaingia chuo chochote, shauri letu ni kwamba ulizeni habari za chuo kikuu siku hiyo hiyo mnapochagua chuo kidogo. Chuo kuwa na kibali ni jambo moja, na kozi yake kuwa na ithibati ya NCHE ni jambo jingine, na ithibati nayo huwa na mwisho. Mwaka 2023 palikuwa na kelele kubwa Kampala kuhusu kozi nyingi, hata za vyuo vikuu vyenye majina, ambazo muda wa ithibati yake ulikuwa umepita. Mabango yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme hayasemi hayo. Diploma ya kozi isiyotambuliwa haimpandishi mtu popote, hata akiwa na alama za kushangaza.

Sasa tuje kwa walimu walio kazini. Wengi wetu tumevuka miaka thelathini, tuna watoto, na tuna madarasa. Msaada wa masomo wa DAFI, ambao serikali ya Ujerumani pamoja na UNHCR waliuanzisha mwaka 1992, umewafikisha chuo kikuu wakimbizi wengi, na tunaushukuru kwa moyo. Lakini una mpaka wa umri, na sisi basi hilo limeshatuacha kituoni. UNHCR imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, wakimbizi 15 katika kila mia wenye umri wa chuo wawe katika elimu ya juu. Mwaka 2019 walikuwa 3 tu. Hesabu hiyo ni ya vijana, na ni haki yao. Tunachouliza ni nani anayemhesabu mwalimu wao.

Njia ipo, na si mpya. Makerere ilianza mwaka 1991 kufundisha shahada ya ualimu kwa masafa, kwa ajili ya walimu wenye diploma waliokuwa kazini. Kyambogo, chuo kikuu kilichozaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ikiwa ya mafunzo ya ualimu, nacho kina desturi ya kufundisha walimu walio kazini. Mwalimu husoma kwa vitabu muhula mzima akiwa shuleni kwake, na shule zinapofungwa huenda chuoni kukaa darasani na kufanya mitihani. Sisi tunaona njia hii ndiyo inayotufaa, kuliko ile ya kuhamia Kampala miaka mitatu. Anayehamia Kampala analipa chumba, analipa teksi, anakula kwa kununua, na huku nyuma darasa lake linabaki na mwalimu wa darasa la pili akichungulia dirishani. Tena, tuseme ukweli, wengi wakishaizoea Kampala hawarudi. Hatuwalaumu. Lakini watoto wa hapa hawawezi kungoja.

Ndugu wa mashirika, mkituuliza tunataka nini, hatuombi makubwa. Mnapotutengenezea semina za siku tatu za likizo, zenye chakula cha mchana na kalamu, tunahudhuria na tunashukuru, lakini cheti cha semina hakihesabiwi na chuo kikuu chochote. Fedha za semina kadhaa zingetosha kulipia ulinganishaji wa vyeti vya walimu wa shule nzima, pamoja na tafsiri. Pili, tunaomba mikataba yetu isikatwe mtu anapokuwa chuoni wakati wa likizo. Tatu, mwalimu akishapata karatasi ya UNEB au ya NCHE, asiendelee kuandikwa msaidizi kana kwamba karatasi hiyo haikusomwa.

Kwa wazazi tuna ombi moja dogo. Mkisikia mwalimu anasoma usiku kwa taa ya jua, msimwite anayejidai Mzungu. Mwacheni asome.

Kwa ruhusa ya Mwenyekiti tumefungua daftari. Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, katika darasa la sita la shule ya msingi, kila mwalimu na kila kijana mwenye cheti chochote, cha nchi yoyote, akilete pamoja na kitambulisho chake cha mkimbizi. Tutaandika cheti ni cha ngazi gani na kinakwenda ofisi ipi, ili watakaosafiri mwezi ujao wabebe za wenzao pia, zikiwa zimefungwa pamoja na barua ya idhini yenye sahihi ya mwenyewe. Leteni karatasi halisi na nakala mbili. Asiye na karatasi aje hivyo hivyo, aseme jina la shule, mwaka aliomaliza na mahali, nasi tutaliandika.